Kodi Ikifutwa Hapa, Huibukia Wapi?

Wageni wa Texas na Florida wakifika Arusha hukaa na dereva wao siku kadhaa barabarani: Manyara, Karatu, Ngorongoro, Seronera. Habari za simba zikiisha huanza habari za maisha, na ndipo dereva anaposikia kwamba kwao jimbo halikati hata senti kwenye mshahara. Akirudi mjini ananitafuta mimi, kwa sababu ndiye ninayemjazia ritani zake, yaani fomu za kodi. "Dada, kumbe kuna watu wanaishi bila kodi ya mapato. Sisi tunashindwa nini?"

Kazi yangu ni kuandika hesabu za wafanyabiashara wadogo. Wengi ni wa fremu za kuzunguka Soko Kuu na soko la Kilombero hapa Arusha, na wapo madereva wachache wanaojitegemea. Swali hilo limenijia kwa sura nyingi. Mmoja anataka VAT, kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa kwenye mauzo, ifutwe, kodi ya mapato ibaki. Mwingine anataka PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ifutwe na VAT ipandishwe, kwa hoja kwamba VAT inamgusa kila mtu. Tangu mwaka 2024, Rais alipounda tume ya kuangalia upya mfumo wa kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, mazungumzo haya yamepata nguvu hata vijiweni, na hilo ni jema. Kinachoniuma ni kwamba kodi ya kufutwa hutajwa kwa sauti kubwa, lakini ile itakayokuja badala yake hunong'onwa. Mimi naamini hii ya pili ndiyo ya kujadiliwa kwanza, na naamini pia kwamba katika miji yetu yupo mtu anayebeba kidogo mno kuliko uwezo wake. Nitamfikia.

Habari ya Marekani kwanza, maana husimuliwa nusu. Mtu wa Texas kweli halipi kodi ya mapato ya jimbo. Lakini serikali yao kuu inamkata kama Mmarekani mwingine yeyote, kwa mamlaka iliyopewa na marekebisho ya katiba ya mwaka 1913, na leo ngazi ya juu kabisa ni asilimia 37. Jimbo lenyewe linatoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, na mji ukiongeza yake jumla inaweza kufika 8.25. Juu ya hapo kuna kodi ya nyumba na ardhi, ambayo inabeba sehemu kubwa ya gharama za shule na ambayo wenyeji wanailalamikia kila mwaka. Florida inatoza asilimia 6 kwenye mauzo, na inao watalii wengi wa kuichangia. Oregon imefanya kinyume: dukani hulipi kodi ya mauzo, lakini mshahara unakatwa.

Yapo majimbo mawili yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo wala ya mshahara. Alaska iliifuta ya mapato mwaka 1980 kwa sababu mafuta ya petroli yalikuwa yameanza kuijaza hazina yake. New Hampshire haina mafuta. Yenyewe inategemea kodi za biashara na, zaidi ya yote, kodi kubwa ya nyumba na viwanja. Naomba msomaji aishike hiyo New Hampshire.

Kisha kuna Kansas. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback alisaini sheria iliyopunguza sana kodi ya mapato na kuiondoa kabisa kwa aina fulani za biashara, akiahidi kwamba uchumi ungekua na kuliziba pengo. Pengo halikuzibika. Mwaka 2015 jimbo likapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na kodi hiyo ilitozwa hadi kwenye vyakula vya dukani. Mwaka 2017 wabunge, wakiwemo wa chama chake mwenyewe, waliivunja sheria ile na kuipitisha mpya juu ya pingamizi lake. Kwa hiyo kwa kipindi fulani mwenye kampuni alipunguziwa na mnunuzi wa mkate akaongezewa. Hata hivyo wazo halijafa: mwaka 2025 Mississippi nayo ilipitisha sheria ya kuipunguza kodi ya mapato hatua kwa hatua hadi iishe.

Hapa kwetu tumekwisha kufuta kodi mara kadhaa, ila tunasahau haraka. Mwaka 1969 kodi za kichwa za halmashauri ziliondolewa, na mwaka huohuo kodi ya mauzo ikaingia. Miaka ya 1980 serikali za mitaa ziliporudishwa, kodi ya kichwa ilirudi nazo ikiitwa kodi ya maendeleo. Wazee wa Arumeru wanaikumbuka vizuri pamoja na mgambo wake: kizuizi barabarani, mwanamume akiulizwa stakabadhi kabla hajaulizwa hali, vijana wakikatiza migombani siku ya msako. Mwaka 1998 Wameru waligoma hadharani kuilipa. Hawakugoma kwa sababu ya kiasi tu. Walikuwa wanauliza fedha wanazotoa zinafanya nini. Kodi ile ilifutwa nchi nzima mwaka 2003, halmashauri zikafidiwa kwa ruzuku ya Hazina, na tangu hapo zimezidi kuitegemea Dodoma hata kwa mambo ambayo zamani zingeyafanya zenyewe.

Mwaka huohuo wa 1998, mwezi Julai, VAT ilianza kwa asilimia 20 ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo. Ilishushwa hadi 18 mwaka 2009. Sijasikia mtu aliyegoma kulipa VAT kwa namna Wameru walivyogoma. Imo ndani ya bei, na anayenunua sabuni haoni mkono unaoingia mfukoni mwake.

Halafu tozo za miamala ya simu. Zilianza Julai 2021, na kwa muamala mkubwa zilifika shilingi 10,000. Watu walilia, na walilia kwa haki. Mtoto wa Arusha anayemtumia mama yake fedha ya dawa kule Rombo alikatwa kwa kumtunza mzazi. Zilipunguzwa, zikapunguzwa tena, na mwaka 2023 za kutuma fedha zikaondolewa. Tulishangilia. Bajeti hiyohiyo ya 2023 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Anayejenga chumba cha pili kule Muriet mfuko mmoja mmoja hakujua kwamba ameingia kwenye mjadala wa tozo za simu. Lakini alikuwa ndani yake kila alipokwenda duka la vifaa vya ujenzi.

Sasa lile pendekezo la kuua PAYE na kupandisha VAT. Ngazi za PAYE zinajulikana: kwa mwezi, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi, hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi milioni moja ni 25, kinachozidi hapo ni 30. Chukua mtu ambaye mapato yake ya kukatwa kodi, baada ya mchango wa hifadhi ya jamii, ni milioni 2. Anakatwa 428,000. Wa 700,000 anakatwa 56,000. Wa 250,000, tuseme msichana anayeuza duka la wengine, hakatwi kitu.

Tufute yote hayo, na kwa mfano tu tupandishe VAT kutoka 18 hadi 25. Wa milioni 2 tuseme ananunua vitu na huduma zenye VAT za 600,000 kabla ya kodi. Ongezeko la asilimia 7 linamgharimu 42,000, wakati ameokoa 428,000. Amebaki na 386,000 za ziada kila mwezi. Msichana wa dukani mahindi yake, maharage na ndizi havina VAT, tushukuru, lakini sabuni, vocha na pedi anavinunua. Tukimhesabia 80,000, ongezeko ni 5,600. Yeye hakuwa na PAYE ya kuokoa. Kwa mtu anayehesabu nauli ya daladala, 5,600 zina uzito. Nimeirudia hesabu hii kwa viwango tofauti, na kila mara msichana yule amebaki upande wa hasara.

Wamarekani wanaotaka kodi moja ya mauzo ichukue nafasi ya kodi ya mapato wanalijua tatizo hili. Muswada wao, ambao umekuwa ukirudi kwenye bunge lao tangu mwaka 1999, unaandika asilimia 23, lakini kwa namna tunavyohesabu VAT huku ni 30: kitu cha 100 unakilipia 130. Ili maskini asiumie, kila kaya ingetumiwa fedha kila mwezi kabla haijanunua chochote. Ni nia nzuri. Lakini nimeona kazi inayofanywa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kuzitambua kaya hizo peke yake, na malalamiko ya walioachwa mtaani. Kuifikia kila kaya ya nchi hii kila mwezi bila kukosea ni kazi ambayo singeitegemea ianze siku moja na kupandishwa kwa bei.

Pamoja na hayo, wanaoichukia kodi ya mapato hawasemi uongo. Malalamiko yao mawili nayakuta mezani kwangu kila mwezi.

La kwanza ni la waajiriwa. PAYE inakatwa kabla mshahara haujagusa akaunti. Mwalimu na nesi hawana pa kujificha, ilhali mwenye vyumba kumi vya kupangisha anaandikiana na wapangaji kwenye daftari la shule na hakuna anayejua. Mwalimu akiona hivyo hukasirika, na ana haki.

La pili linazungumzwa kidogo, na mimi ndilo linaloninyima raha. Mfanyabiashara mdogo akisema amelipa kodi ya mapato, mara nyingi hakuna mapato yaliyopimwa. Kwa aliye kwenye makadirio, yaani mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, kodi huhesabiwa kwa mauzo ghafi. Wa chini ya milioni 4 halipi. Wa katikati wana viwango vyao, na wa juu hutozwa asilimia chache ya mauzo; kwa wepesi wa hesabu nitatumia 3. Kwa hiyo kodi ya mapato na kodi ya mauzo, ambazo vitabuni ni vitu viwili, kwenye fremu ya Kilombero zimekwisha kuwa kitu kimoja.

Tazama inavyouma. Mama mmoja anauza sukari na unga kwa jumla. Mauzo yake tuyaweke milioni 60 kwa mwaka, na kwenye bidhaa hizo akipata faida ya asilimia 4 baada ya gharama zote amefanya vizuri. Hiyo ni milioni 2 na laki 4. Asilimia 3 ya mauzo ni milioni 1 na laki 8. Robo tatu ya faida yake imekwenda. Jirani yake ana saluni: mauzo milioni 20, faida milioni 8, kodi laki 6. Sheria inampa yule mama nafasi ya kuomba atozwe kwa faida badala ya mauzo, lakini hapo anahitaji hesabu kamili na mtu wa kumwandalia, na mtu huyo naye anataka kulipwa. Wengi wanaacha. Wanapunguza risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, ili mauzo yaonekane madogo, kisha wanaitwa wakwepaji. Baadhi yao ni wakwepaji kweli. Wengine wanajaribu kubaki na ile robo.

Ndiyo maana mtu akiniambia tufute kodi ya mapato ili tutoze mauzo, nashtuka. Kwa mama huyu tayari tunatoza mauzo, na ndicho kinachomwua.

Basi nani abebe zaidi? Jibu langu, na ndiyo maana niliomba uishike New Hampshire, ni mwenye kiwanja kinachopanda bei huku yeye amelala.

Tangu barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru ikamilike, na ile ya mchepuko ya kilomita 42 inayozunguka mji, viwanja vilivyokuwa mashamba ya mahindi vimekuwa dhahabu. Sasa uwanja wa mpira wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti, na dalali yeyote atakuambia bei za kuuzunguka zimefanya nini. Barabara zile zimejengwa kwa fedha za umma na mikopo ambayo umma utailipa, akiwemo mwalimu wa PAYE na yule msichana wa dukani kupitia sabuni. Faida imemwangukia aliyenunua ekari mbili na kuzizungushia seng'enge. Hajajenga wala kulima, wala hajaajiri hata mlinzi. Anasubiri tu.

Mmarekani Henry George aliitetea hoja hii mwaka 1879: thamani ya ardhi inaletwa na jamii inayoizunguka, kwa hiyo irudi kwa jamii kabla hujagusa jasho la mtu. Alikwenda mbali hadi kutaka kodi hiyo ichukue nafasi ya nyingine zote. Mimi siendi huko, serikali ya leo ina mahitaji makubwa kuliko hayo. Lakini Estonia inatoza kodi ya ardhi bila kuhesabu jengo tangu mwaka 1993. Hapo jirani Nairobi, kwa miaka mingi kodi ya jiji imehesabiwa kwa thamani ya kiwanja. Na sisi tunao msingi wake kisheria kuliko hata wao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati analipa pango kwa haki ya kuitumia.

Tulicho nacho badala yake ni kodi ya jengo kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida inalipa 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mjini linalipa zaidi kwa kila sakafu. Urahisi wake naukubali. Lakini jumba la chini kule Njiro, lenye bustani na bwawa la kuogelea, linakatwa sawa na nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Unga Limited. Anayekatwa mara nyingi ni mpangaji, kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Kudai arudishiwe na mwenye nyumba ni kutafuta notisi ya kuhama. Na kiwanja kitupu chenye seng'enge hakina mita, kwa hiyo kodi hii hakikatwi; kikiwa na hati kinadaiwa lile pango tu. Yaani aliyejenga akawapa watu makazi anatozwa, na aliyeficha ardhi akisubiri bei kodi hii inamwacha.

Kuna pingamizi moja ninaloliogopa kweli, na linatoka nyumbani kwetu Moshi. Bibi mjane yuko kwenye kihamba cha mumewe Old Moshi: migomba, kahawa kidogo, kaburi la mume pale nyuma ya nyumba. Ukimwuliza dalali, eneo lile lina thamani ya mamilioni. Bibi mwenyewe fedha taslimu anayoiona ni ya mauzo ya ndizi siku ya soko. Mtoze kodi kwa thamani ya ardhi na umemlazimisha kuuza mahali ambapo kwa desturi yetu hapauzwi. Isitoshe, watu wa Kilimanjaro na Meru wana kumbukumbu mbaya ya kodi iliyofuata makazi. Wajerumani waliianza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba, na moja ya makusudi yake ilikuwa kumtoa mtu shambani kwake akafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kodi inayomng'oa mtu kwenye ardhi yake tunaijua, na siitaki irudi kwa lugha mpya.

Kwa hiyo mipaka iandikwe ndani ya sheria yenyewe, isiachwe kwa huruma ya afisa. Kihamba na shamba la familia linalolimwa visiguswe. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi, akiwa mzee au mjane, deni lisubiri hadi siku itakapouzwa, na isipouzwa lisimfukuze mtu. Kodi iwalenge wa mijini: viwanja vilivyopimwa vikakaa vitupu, nyumba za kupangisha, maeneo yaliyopandishwa bei na barabara. Na asilimia fulani ya fedha hiyo ibaki Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi na ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, imefanya nini. Wameru waliuliza swali hilo mwaka 1998 na bado halijapata jibu zuri.

Dereva wangu hakupendezwa na maelezo haya, maana amenunua kiwanja Kisongo na anasubiri kupata fedha ya kujenga. Nilimwambia mtu wa kiwanja kimoja apewe miaka ya neema kabla ya kutozwa. Anayenisumbua ni mwenye viwanja ishirini.

Fedha hiyo ikianza kupatikana, ningeitumia kwanza kumtoa yule mama wa sukari kwenye mtego wa mauzo ghafi: bidhaa zenye faida nyembamba ziwe na kiwango chao cha chini. Kisha ningepandisha ile 270,000 isiyokatwa PAYE, maana bei za Arusha si za mwaka ilipowekwa. VAT ningeiacha kwenye 18 hadi hayo mawili yakamilike, na jambo la kuipandisha ili kufuta kodi za wenye mishahara mikubwa lisiwekwe mezani kabisa. Na ile 1,500 ya LUKU, hata bajeti ijayo, ihamishwe kutoka kwenye mita ya mpangaji kwenda kwenye jina la mwenye nyumba.